Sauti Iliyobaki Kazini

Asubuhi ile uchungu wa uzazi ulipomshika, Dada wa Simu, mpokea simu wa kampuni ya mabati, alikuwa na waya mkononi, na upande wa pili wa laini kulikuwa na mwenye duka aliyetaka kuongea na watu wa stoo kuhusu mabati yaliyofika yamepinda. “Subiri kidogo, mzee wangu, narudi sasa hivi,” alimwambia. Kisha akavua vidude vya masikioni, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi taratibu akijishikiza ukutani. Dereva wa kampuni akampeleka hospitali.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Siku hizo, na waliokuwapo wakizikumbuka huguna tu, ubao wa simu, ule wenye matundu ya kuunganishia laini kwa waya, ulikuwa na adabu zake. Mpokea simu hakuinuka hivi hivi kama mtu aliyetoka kununua karanga. Aliwamaliza wote waliokuwa kwenye laini, akasema ndani ya chombo, “Naaga,” na mwenzake anayeshika zamu akajibu, “Nimepokea.” Hata kwenda chooni walikwenda hivyo. Lakini mtoto naye ana haraka zake, hangoji watu waagane. Dada wa Simu aliondoka hajaaga, na sauti yake ikabaki.

Mwenye duka hakusubiri sana. “Nimerudi, mzee wangu,” sauti ilimwambia, na waya ukajichomeka wenyewe kwenye tundu la stoo. Karani wa meza ya pili aliinua kichwa, akaona kiti kitupu, akaendelea kugonga mihuri. Kazi zilikuwa nyingi siku hiyo.

Hospitalini Dada wa Simu alijifungua kimya, na wakunga wakamsifu kwa uvumilivu. Mtoto, wa kike, alilia kwa niaba ya wote wawili. Mumewe, fundi redio, alipokuja kumwuliza ameamkaje, aliona midomo inacheza na hakuna kinachotoka. Akammulika kooni kwa tochi, jinsi alivyozoea kumulika redio za watu. “Huku hakuna kitu,” alisema. “Umeiacha kazini.” Mkewe akaitikia kwa kichwa.

Hawakuhangaika. Sheria ilikuwa wazi: mama apumzike miezi mitatu, na akirudi aikute nafasi yake. Sauti ataichukua akirudi, walikubaliana, kama mtu aliyesahau mwavuli. Kilichomuuma ni kubembeleza. Alikuwa amemwekea mtoto huyu nyimbo tele, zile alizoimbiwa na marehemu mama yake, na sasa alimpakata tu na kumpulizia utosini. Mtoto akigoma kulala, fundi redio alipiga simu kampuni ya mabati kutoka kibandani kwake, akamwekea mkono wa simu sikioni. “Habari za leo, nikuunganishe na nani?” sauti ilisema, tamu, isiyo na haraka. Mtoto akanyamaza. Sauti ikauliza tena na tena, kwa upole uleule, mpaka akasinzia.

Jamani, sauti ile. Wapo wateja waliopiga kuuliza kama ofisi imefunguliwa, na huku wanajua fika imefunguliwa. Iliwajua kwa kikohozi tu. Ilijua mguu wa nani umepona na mke wa nani karudi kwao. Leo ukipiga simu popote unaambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili, na ukimaliza kubonyeza huna aliyekujulia hali.

Likizo ilipokwisha, Dada wa Simu alivaa gauni lake la kazi, likambana kifuani kwa maziwa, akaenda na mumewe ili amsemee. Mkuu wa utumishi alikuwa mtu mstaarabu, hajawahi kumfokea mtu. Aliwavutia viti yeye mwenyewe.

“Hongereni kwa mtoto,” alisema.

“Ahsante, bosi. Mke wangu amerudi kazini.”

“Kwani aliondoka?” Hakuwa akitania. “Tangu siku ile hajakosa zamu. Haendi kula, haumwi, haombi ruhusa ya kliniki. Wateja wanamsifu.”

“Ile ni sauti yake tu.”

“Na kazi yake ni sauti, shemeji. Sheria inanitaka nimshikie nafasi, nami sijampa mtu mwingine. Au niweke watu wawili kwenye kiti kimoja?”

“Basi mrudishieni sauti yake.”

“Kilichoachwa kazini ni cha kazi,” mkuu alisema kwa huruma. “Tena hakuaga. Angeaga, tungejua ameondoka.”

Fundi redio aliomba aufungue ubao, akaruhusiwa. Alilegeza skrubu, akapuliza vumbi, akaikuta sauti ndani ya nyaya, nzima, haina hata kutu. Dada wa Simu akainama, akafungua mdomo karibu na matundu.

“Samahani,” sauti ilimwambia kwa heshima zote, “laini ina mtu.”

Akangoja ameinama vilevile. Laini iliendelea kuwa na mtu. Walio ofisini wakajishughulisha na makaratasi, isipokuwa karani wa mihuri, ambaye alikuwa na mimba changa na hajamwambia mtu. Huyo alilia. Kuanzia siku hiyo kila alipoinuka kitini aliaga, hata akienda kuchukua wino.

Mshahara ukasimama, kwani sauti haina tumbo. Dada wa Simu akaanza kupiga pasi nguo za watu kibandani kwa mumewe. Iliuma, hakuna haja ya kuzungusha maneno. Aliipenda kazi ile, na kwa miaka alizunguka mtaa mzima ili asipite chini ya dirisha la ofisi.

Mtoto alipofikia umri wa kupanda kiti bila kusaidiwa, siku moja aliuvuta mkono wa simu akapiga mwenyewe.

“Habari za leo, nikuunganishe na nani?”

“Na mama.”

Waya ukasikika ukitafuta tundu.

“Mama yako yuko likizo ya uzazi, mwanangu,” sauti ilisema. “Amepata binti, nasikia mtulivu sana, anapenda simu. Akimaliza kumnyonyesha atarudi.”

Mtoto alishukuru kama alivyofundishwa, akarudisha mkono wa simu mahali pake.

“Mama,” alisema, “kazini wamesema utarudi.”

Mama yake akaitikia kwa kichwa, akaligeuza upande wa pili shati alilokuwa akilipiga pasi.