Chambo cha Bwana Kangethe

Mwaka wa 1988 nilikuwa nimeachana na nyavu. Nilibaki na mashua moja na injini moja, na hapo ufuoni Luanda Kotieno watu wa maduka na ofisi za Kisumu walikuwa wameanza kuja siku za Jumamosi kuvua mbuta, yule sangara mkubwa, kwa kujifurahisha. Kwa kujifurahisha! Baba yangu alizama katika ziwa hili akitafuta chakula, na mimi, Absalom Ogola, nikawa mtu wa kuwazungusha majini wanaume waliovaa jaketi za mifuko kumi na miwili, wanaoogopa kulowesha viatu.

Niliwadharau wote kwa kiasi, kama mtu anavyotia chumvi. Kangethe ndiye niliyemmwagia kopo zima.

Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu: misumari, mabati, saruji. Kwao ni upande wa Naivasha, na huko, alisema, alikua akivua samaki anayeitwa basi.

"Basi?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Lile la abiria?"

"Ni samaki, Mzee. Aliletwa na Wazungu. Ana akili kuliko huyu mbuta wenu."

"Anafika kilo ngapi?"

"Nimewahi kupata wa kilo tatu," alisema, akajipiga kifua.

"Kilo tatu," nikamwambia. "Hapa huyo tunamwita chambo."

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu karibu nasi walicheka. Kangethe hakucheka. Tangu siku hiyo aliniita Mzee kwa sauti ya mtu anayemwita mbwa wa jirani.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano alikuja na mkewe, Magdalene. Mama huyo alikuwa na cherehani yake sokoni Kibuye, akishona sare za shule. Nilimwona akishuka kwenye pikapu na chupa ya chai na kikapu, nikamhesabu kama sehemu ya mizigo. Alikaa juu ya jiwe, akatoa shati la mtoto, akaanza kushona vifungo.

Kangethe naye alifungua sanduku lake. Lilikuwa na ngazi ndani, ukivuta kifuniko zinapanda zenyewe, na kila ngazi ilikuwa imejaa samaki wa uongo. Aliwapanga juu ya boneti mmoja mmoja. Kulikuwa na samaki wa mbao wenye macho ya kioo. Kulikuwa na vijiko vya bati vilivyong'arishwa, chura wa mpira mwenye sketi ya nyuzi, na mnyoo wa rangi ya zambarau, mrefu kama kidole cha kati. Nimeishi ziwani miaka hamsini. Sijawahi kuona mnyoo wa zambarau, na sidhani mbuta naye amewahi.

"Chambo huchaguliwa kwa kichwa, Mzee," alisema. Alitazama mawingu, akatazama maji, akalowesha kidole akakiinua kwenye upepo. "Mwanga ukiwa mdogo, rangi nzito. Maji yakiwa na matope, nyekundu. Samaki akiwa mvivu, unampa kitu cha kumchokoza."

Alichukua huyu akamrudisha, akachukua yule akamgeuza juani. Nimemwona bibi harusi akichagua viatu kwa haraka zaidi. Jua lilikuwa limeshapanda, na saa nzuri ya kuvua ilikuwa inatupita tukiwa tumesimama nchi kavu tukitazama vinyago.

Mwishowe akamweka kando samaki wa mbao mwenye kichwa chekundu. "Huyu," alisema. "Huyu alinipa basi wa kilo tatu."

Nilimchukua mkononi. Kwa umbo hakuwa mbaya. Alifanana kidogo na mbuta mchanga, na mbuta hula watoto wake bila aibu. Lakini alikuwa na ndoano za pembe tatu, moja tumboni na moja mkiani, na nilipoibonyeza ile ya mkiani kwa kidole gumba, waya ulicheza. Ulikuwa mwembamba kama pini. Kwa samaki wa kilo tatu, sawa. Mbuta wa kilo arobaini angeunyoosha kama mtu anayenyoosha mguu kitandani.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nasema kweli, nilikuwa nimeshaufungua.

"Weka chini, Mzee," Kangethe alisema. "Mikono yenye shombo inaharibu rangi."

Wale washonaji nyavu walicheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Nikamweka yule samaki juu ya boneti taratibu, kama yai.

"Bwana Kangethe," nikasema, "huyo ndiye. Umechagua vizuri sana."

Tulipita mwendo wa pole kando ya mawe, injini ikinguruma chini, mshipi ukivutwa nyuma yetu. Lakini mtu wa kuchagua haachi kuchagua. Eti yule mwekundu alikuwa akimhifadhi kwa saa yake. Alianza na kijiko, akakitoa. Akajaribu chura. Akafunga mnyoo wa zambarau, nikatazama pembeni ili asione uso wangu. Magdalene alikuwa mbele ya mashua na shati lake. Karibu na saa sita mchana Kangethe akamfunga yule wa kichwa chekundu, na hatukuwa tumekwenda mbali fimbo ya kuvulia ikainama hadi majini.

Mbuta alikuwa mkubwa. Aliruka mara moja akiwa amefungua kinywa ambacho kingemeza ndoo, akatikisa kichwa, akazama tena. Nilizima injini. Na hapa ni lazima niseme jambo ambalo sikupenda kuliona: Kangethe alijua kazi. Hakuvuta kwa pupa. Samaki alipotaka kwenda alimwachia mshipi, alipochoka akamrudisha, jasho likimtiririka, na kwa muda ule wote hakusema neno moja la kujisifu. Mimi nilisimama na kulabu mkononi nikisubiri ashindwe. Nilisubiri kwa furaha, kama mtu anayesubiri wali uive.

Samaki alifika hatua mbili kutoka kwenye mashua. Alituona, akajipinda kwa nguvu zake zote zilizobaki. Kangethe aliegemea nyuma kumzuia. Zile ndoano za mkiani zikanyooka, na yule samaki wa mbao akafyatuka majini kama jiwe la manati, akarudi moja kwa moja.

Zile za tumboni hazikuwa zimenyooka. Moja ilimwingia Kangethe shavuni, upana wa kidole kimoja chini ya jicho.

Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, kichwa chekundu kikining'inia usoni kwake, akauliza, "Jicho liko?"

"Liko," Magdalene alisema. Alikuwa ameshafika. "Usikishike. Tulia."

Nilisogea na kisu changu. Nimetoa ndoano nyingi katika mikono ya watu. Magdalene aliniangalia mara moja tu.

"Wewe zuia mashua isiyumbe."

Nikashika kafi. Alitoa koleo ndani ya lile sanduku, akaisukuma ncha ya ndoano mpaka ikatokeza nje ya ngozi, akaukata ule mwiba, akaurudisha waya ulikotoka. Akambandika mumewe kipande cha kitambaa cheupe, akamwambia akibane mwenyewe, na tukifika ni kwenda zahanati kudungwa sindano ya pepopunda.

Kisha akamwokota yule samaki wa mbao. Alizitazama ndoano za mkiani zilizonyooka. Akaikunja moja kwa vidole viwili, akainyoosha, akaikunja tena.

"Mzee Absalom. Asubuhi ulimshika huyu."

"Nilimshika."

"Ukambonyeza hapa. Nilikuona. Mimi nashika pini na sindano kutwa. Mtu akipima chuma, namjua." Hakupandisha sauti. "Ulijua?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini dharau ikishakuzoea, inajibu kabla yako. "Angeniuliza, ningemwambia."

"Hakukuuliza, ni kweli. Na wewe ulimwambia amechagua vizuri."

Kangethe alikuwa ameinamisha kichwa, damu ikipenya kwenye kitambaa.

"Mwache, Magda," alisema. "Mimi ndiye ninayeuza vyuma. Ilikuwa kazi yangu kupima." Akainua macho, akanitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye miezi yote ile. "Mimi nilikuwa mjinga, Mzee. Wewe hukuwa."

Niliwasha injini. Nikaigeuza mashua kuelekea ufuoni.

Baada ya wiki tatu walirudi. Kangethe alikuwa na kovu jipya, jekundu. Walinisalimia kwa adabu, wote wawili, wakaipita mashua yangu na kwenda kwa Ouma. Ouma! Mtu ambaye mashua yake inavuja na hajui kuitengeneza, anayekaa akichota maji kwa kopo kama anayeoga. Nilisimama nikawaona wameketi naye mchangani, Kangethe akiuliza, Ouma akionyesha kwa mikono, na Magdalene akifunga ndoano zetu, zile nene za kutegea mbuta, kwenye wale samaki wa mbao. Alizifunga kwa waya, moja moja, akivuta kila fundo kwa meno.

Jioni walirudi na mbuta aliyebebwa na wanaume wawili. Ufuo mzima ulienda kutazama. Mimi nilikuwa na shughuli na injini yangu, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Giza lilipokaribia, Ouma alikuja nyumbani kwangu na kipande cha mnofu kilichofungwa kwa gazeti.

"Yule mama amesema nikupe."

"Amesema nini kingine?"

"Hakusema kitu."

Nilitaka kumwambia arudi nacho, lakini mke wangu, Rosa, alikuwa ameshakipokea na kuanza kukiosha. Aliuliza ni nani mkarimu hivyo. Nikamwambia ni watu wa Kisumu, hawajui samaki, wametupa sehemu nzuri kuliko zote bila kujua.

Rosa alikipika kwa nyanya na kitunguu. Nilikula chote kilichokuwa sahanini kwangu, kwa hasira, na aliponiuliza kama kimekolea chumvi, nikanyanyuka nikaenda nje.