Swali Lililokataa Kufutwa

Daktari Penisimani alishika kalamu akasema swali la saba linafutwa.

“Wanawake wote wamelijibu hapana,” alisema. “Swali ambalo kila mtu analijibu hapana lina kazi gani? Tubaki na yale mengine.”

Nesi Toakase aliinamisha macho. Ni yeye aliyelitafsiri dodoso lile la magonjwa ya nyonga ya wanawake, kama kushuka kwa kizazi, kwa Kitonga, swali baada ya swali. Swali la saba lilimuuliza mwanamke kama huwa anahisi kitu kinashuka ukeni. Jibu lake mwenyewe lilikuwa ndiyo, tangu alipomzaa Lotima. Akisimama wodini kutwa nzima, jioni hata kukaa hawezi, na hajamwambia mtu. Daktari wa upasuaji alikuwa anakuja kisiwani kwao Vava'u, Tonga, kutoka ng'ambo, na angewaona wale tu ambao majibu ya dodoso yangewaonyesha. Swali likifutwa, ataondoka bila kumgusa hata mmoja.

Pembeni waliketi wanawake wawili wanaoponda magome ya kutengenezea nguo, walioitwa waseme kama maswali yanaeleweka. Ungatea, ambaye hufunga mdomo akiwa amelala tu, leo alikuwa anakagua dari. Mwenzake Lisia alikuwa anakagua sakafu. Kila walipoulizwa walijibu, “Linaeleweka.”

Toakase alijua sababu. Penisimani ni mtoto wa mjomba wake, na Tonga mtoto wa mjomba ni kaka, basi. Kaka na dada hawakai chumba kimoja mambo ya mwili yakatajwa. Hata majaribio ya dodoso yalifanyika ukumbi wa kanisa, maswali yakasomwa kwa sauti, huku waume na kaka wamejaa kwenye mabenchi. Penisimani kazaliwa hapo hapo, mila anaijua. Ila alidhani akivaa koti jeupe si kaka wa mtu tena.

Kalamu ikagusa karatasi.

“Toka nje,” Toakase alisema.

“Unasemaje?”

“Toka nje, Penisimani. Hapa hospitali wewe ni mkubwa wangu. Kwetu mimi ni dada yako, na kwa mila dada yuko juu ya kaka. Nakuambia kama dada.”

Daktari aliwatazama wale wanawake, masikio yamemwiva. Mwanamume gani wa Tonga anamkatalia dada yake mbele za watu? Akatoka.

Mlango haujafungika vizuri, Ungatea akalipuka.

“Nahisi kinashuka? Mwanangu, kinanisalimia! Kila nikikaa kuponda magome nakirudisha kwa kidole.”

“Na kanisani ulisema hapana kwa sauti kumshinda mchungaji!” Lisia alimcheka.

“Ulitaka nisemeje, mwehu wewe, na kaka yangu ananipumulia shingoni?”

“Hata mimi ninacho,” Lisia alisema, kicheko kikamwishia. “Mume wangu anadhani namkimbia.”

Toakase alishika ukingo wa meza. “Na mimi.”

“Wewe, nesi?”

“Mimi. Tangu Lotima azaliwe.”

Ungatea alimvutia kiti kwa mguu. “Sasa umesimama unamlinda nani? Kaa.”

Akakaa. Wakakubaliana swali halibadilishwi hata neno. Kitakachobadilika ni namna ya kuuliza: wanawake watawauliza wanawake, nyumba kwa nyumba, bila kaka wala mume kusikia.

Penisimani aliporudi alibaki karibu na mlango. “Mmemaliza?”

“Swali la saba linabaki,” Toakase alisema. “Majaribio yanarudiwa, wanawake peke yao.”

“Dada, ripoti inatakiwa kesho. Majibu yote ni hapana. Siwezi kulibakiza swali kwa sababu wewe umelipenda.”

“Sawa. Lifute.” Alimsogezea karatasi. “Lakini kwanza lisome kwa sauti, hapa mbele yangu, utuambie lina ubaya gani.”

Penisimani aliichukua karatasi. Macho yake yalifika kwenye mstari ule, mdomo ukafunguka. Ungatea alikunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri kwaya ianze.

“Tunakusikiliza, daktari,” alisema.

Mdomo ukafungwa. Karatasi ikarudi mezani.

“Andikeni kwamba majaribio yanarudiwa,” alisema bila kumtazama mtu.

“Tumeshaandika,” Toakase alijibu. “Weka sahihi.”