Shavu la Erel

Farasi alikuwa ameshavuta sleji, gari lisilo na magurudumu, juu ya theluji mbali na kijiji wakati Tuyaara alipoona doa jeupe kwenye shavu la mwanawe, Erel.

"Mama, tazama," Tuyaara akamwambia mama mkwe aliyeshika hatamu.

Mama mkwe akasimamisha farasi. "Umempaka nini?"

"Krimu yangu ya mjini."

"Hiyo nusu yake maji. Imemgandia usoni."

Tuyaara akachota theluji amsugue.

"Acha! Utamchuna ngozi. Weka kiganja, utulie."

Tuyaara akavua glavu, akalifunika shavu. Lilikuwa gumu kama nta. Vidole vikamuuma, vikafa ganzi, lakini hakuvitoa. Hatimaye shavu likalainika, likawa jekundu, na Erel akaangua kilio.

Mama mkwe akashusha pumzi, akatoa kifuani kikopo cha mafuta ya bata bukini, akampaka mtoto, kisha akamgeukia Tuyaara.

"Lete na mkono wako, mwanangu."