Manyoya ya Kuku wa Jerusa

Chepngeno wa Kiptere alikuwa na kiburi cha vidole. Mwaka wa tisini na sita hapakuwa na mwanamke wa kumshinda kufunga spaida, yule nzi wa bandia ambaye Wazungu humtumia kuvulia samaki: ndoana ndogo, uzi mwembamba wa hariri, kisha unyoya mmoja laini unaozungushwa mara mbili tu ili uchezecheze majini. Ukizungusha mara tatu, umeharibu.

Wiki moja manyoya yalimwishia akiwa amebakiza spaida mia moja. Alfayo, msimamizi wa karakana ya spaida alikofanya kazi, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Jumamosi uniletee zote, ama kiti yako nipatie mwingine."

Manyoya yenyewe yalikuwa ng'ambo ya ua, kwa kuku wa madoadoa wa jirani yake Jerusa. Aombe? Angeombaje, na juzi tu alimrushia kuku huyo mawe kwa kuparura sukuma wiki yake, akamwambia Jerusa arudi naye kwao ziwani? Mdomo uleule haukuweza kusema tafadhali. Basi Jerusa alipokwenda kuchuma chai, Chepngeno aliruka ua, akamkuta kuku ameatamia mayai, akamnyonyoa shingo na mgongo angali hai. Spaida wakatoka wazuri kuliko wote aliowahi kufunga.

Ijumaa jioni Jerusa alibisha hodi kwa Chepngeno, mfuko mkononi.

"Mama Kiplimo, kuku yangu ilishikwa na ugonjwa. Manyoya ilitoka yote shingo. Nimechinja kabla iambukize zingine. Mayai nayo nimetupa." Akauweka mfuko mezani. "Nikasema wewe unatumianga manyoya. Hii imebaki iko sawa."

Aibu ilimpanda Chepngeno mpaka masikioni. Asante moja tu ingetosha kuyafukia yote, na ilikuwa tayari ulimini, lakini haikutoka. Badala yake aliinua kitambaa kilichofunika sahani ya spaida, akainamisha kichwa.

Jerusa aliokota mmoja, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Madoadoa yale aliyajua. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Ungeniomba," alisema. "Ningekushikia hiyo kuku, wewe ung'oe."

Akamrudisha spaida sahanini polepole, asimharibu, akaenda zake. Mfuko aliuacha.