Jiko la Matundu Kumi na Sita

Baba yangu hajawahi kutoboa kitu kwa hiari yake. Kazi yake ni kuziba. Karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, chini ya mabati matatu, na kibao chake kinasema TUNAZIBA MATUNDU YA KILA AINA. Herufi nilizichora mimi nikiwa darasa la tano, ndiyo maana neno AINA limejikunyata pembeni kwa kukosa nafasi. Sufuria zinazovuja, ndoo, mabirika, mabeseni, vyote hupita mapajani mwake na kutoka vimepona. Mtaa mzima unamwita Kiraka, naye huitika.

Kwa hiyo Jumatano ile, Mama aliporudi kutoka jikoni mwa shule anakopika, akaweka makopo mawili matupu kwenye meza ya Baba na kusema, "Yatoboe," mimi nilifunga kitabu. Nilijua hapo pana jambo.

"Niyatoboe?" Baba aliuliza. "Yana ugonjwa gani?"

"Hayana ugonjwa wowote. Yatakuwa jiko."

Kopo moja lilikuwa kubwa, la nyanya. La pili lilikuwa la njegere, dogo kiasi cha kuingia ndani ya lile la kwanza na kubakiza nafasi ya kidole pande zote. Mama alieleza kwa pupa, aproni bado kiunoni. Wapima ardhi walikuwa wanakwenda kupiga kambi nyuma ya vilima kwa wiki tatu, shule ikiwa imefungwa, na walitaka mpishi. Gari lao lilijaa vyombo vya kupimia. Nyasi za huko zilikuwa kavu kama karatasi, kwa hiyo mkuu wao alikataza mafiga. Moto usiguse ardhi. Jiko libebeke kwa mkono mmoja, na kuni ziwe vijiti vya kuokota. Kama Mama angewasha jiko la namna hiyo uani kwao Jumamosi asubuhi, akachemsha birika moja bila kumtoa mtu machozi, kazi ingekuwa yake.

"Na ukishindwa?"

"Watashusha hema moja wampakie Mtungi."

Mtungi ni mpishi wa sherehe. Huzunguka mjini na mtungi wake wa gesi nyuma ya baiskeli, ameufunga kwa mpira na kuufunika shuka kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Baba alikuna kidevu. "Na sisi huku nyumbani, wiki tatu, tutakula nini?"

"Mtakula nilichowafundisha kupika. Kama hamkujifunza, njaa ni mwalimu mzuri kuliko mimi."

Baba alinitazama. Mimi nikayatazama makopo.

"Mke wangu, hebu niambie. Nyuma ya vile vilima kuna nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua," Mama alisema. Safari hii hakuwa na pupa. "Dirisha la jikoni kwetu linavitazama. Miaka kumi na tisa nakoroga sufuria huku naviona mgongo. Nataka nivione na uso."

Baba alichukua mkasi wa bati.

Jiko lenyewe Mama alikuwa ameliona kwa macho yake. Msafiri mmoja aliwahi kuomba maji pale shuleni, akachemsha chai nyuma ya ghala kwa vijiti vya kujaa kiganja, na Mama alichungulia ndani ya jiko lake bila haya. Kopo la nje lilikuwa na matundu chini, ya kuvuta hewa. Kopo la ndani lilikuwa na matundu kwenye kitako, ya kupitisha jivu. Halafu kulikuwa na matundu kumi na sita yaliyozunguka shingo ya kopo la ndani, juu kabisa.

Baba alitoboa ya chini kwa shingo upande, akikunja uso kila nyundo ilipotua. Alipofika ya juu aligoma.

"Ya chini nakubali, moto lazima upumue. Ya juu ya nini? Tunautoga moto masikio?"

"Toboa tu, baba watoto."

"Mimi ni fundi. Siwezi kutoa tundu lisilo na kazi."

Badala yake akafanya anachokijua. Alichomeka kopo dogo ndani ya kubwa, akaunganisha midomo yao kwa lehemu, akaipiga msasa mpaka ikang'aa kama pete. Lilikuwa jiko zuri kulitazama. Tuliliwasha uani. Lilitoa moshi mzito, jirani akafunga dirisha, kisha akalifunga tena kwa nguvu zaidi ili tusikie. Tulivumilia. Chai ilipoanza kuimba, ile pete ya lehemu ikalainika, ikatiririka kama siagi, na kopo la ndani likadondoka chini likifuatwa na birika. Chai yote ikamwagika juu ya moto na kwenye viatu vya Mama.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi wangu, umeunda jiko linalojizima lenyewe! Zimamoto wakikusikia watakuajiri."

"Lehemu ni ya kuzuia maji," Baba alijitetea. "Moto haiuwezi."

"Nimeona. Nimeonyeshwa mpaka viatuni."

Alhamisi walianza upya. Baba aliacha lehemu pembeni. Alikata mdomo wa kopo kubwa ukawa na meno madogo madogo, akayakunja kulibana lile dogo, na ukilitikisa hukusikia hata kelele. Mama akachukua msumari na nyundo akapiga yale kumi na sita kwa mkono wake mwenyewe, yamepindapinda kama meno ya mtoto wa miaka saba. Kila pigo, Baba aligeuza uso upande mwingine.

Niliwasha mimi. Moshi ulipanda, tukaanza kukohoa, Baba akaanza kusema "Si niliwaambia," na hapohapo ukakatika. Hewa ilikuwa imeingia chini, ikapanda katikati ya makopo mawili, ikapata joto njiani, ikatokea kwenye yale matundu ya juu na kuukuta moshi. Moshi ukashika moto. Ndimi kumi na sita zikachomoza kuelekea ndani kama petali za ua, na juu ya birika hakukuwa na chochote zaidi ya hewa inayotetemeka. Maji yalichemka kabla sijamaliza kusuuza vikombe.

Baba alilizunguka jiko mara mbili. "Moshi umekwenda wapi?"

"Umeliwa," Mama alisema.

Ijumaa Mama alilisugua jiko kwa mchanga, akaliweka kwenye meza ya Baba ili asilisahau asubuhi, akaenda shuleni kuwaaga wenzake kana kwamba kazi ameshaipata. Baba alikuwa na mgeni, kinyozi wa mtaa wa pili, aliyeleta birika lake akabaki kupiga soga. Nilipita na nguo za kuanika, nikapita tena na kapu tupu. Kinyozi alikuwa bado anaeleza habari za mkwewe, Baba anatikisa kichwa, mikono ikiendelea na kazi.

Jumamosi saa mbili tulikuwa uani kwa wapima. Mpima Mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira na penseli nywelini, na aliwapima watu kwa macho kama anatafuta mipaka yao. Mtungi alikuwa amefika kabla yetu. Alikaa juu ya mtungi wake, mguu juu ya mguu.

Mama aliweka jiko kwenye sakafu ya saruji, akalijaza vijiti, akawasha na kutega birika.

Moshi ulitoka. Tukasubiri ukatike, haukukatika. Ulizidi, ukawa mzito na mweupe, ukamfuata Mpima Mkuu kama unamdai.

"Mama," alisema akirudi nyuma, "tulikubaliana bila machozi."

"Mama mpishi!" Mtungi aliita. "Unapika, au unafukuza nyuki?"

Mama aliinua birika, akachungulia ndani ya jiko. Akainuka taratibu. Nikachungulia na mimi. Kuzunguka shingo ya kopo la njegere kulikuwa na vitone kumi na sita vya lehemu, safi, vimesawazishwa, kazi ya mtu anayejua anachofanya.

"Baba watoto," Mama alisema.

"Naam."

"Matundu yangu yako wapi?"

Baba alisogea, akainama, na niliona uso wake unavyoporomoka. "Yule kinyozi," alisema. "Jana. Alikuwa ananieleza habari za mkwewe, kopo liko mbele yangu, lina matundu... Haki ya nani, mama watoto, ni mkono tu."

"Mkono, au moyo?"

Hakumuuliza kwa ukali. Lakini hata Mtungi alishusha mguu.

Baba alitazama viganja vyake vyenye makovu ya lehemu. "Mkono ulianza," alisema. "Tundu la tatu hivi, moyo ukaona. Haukuuzuia. Wiki tatu ni nyingi."

Nilidhani Mama atalia, au atampigia kelele mbele za watu. Aliweka mkono begani kwa Baba, akaubakiza hapo kidogo.

"Nipe msumari," Baba alisema. "Nitayatoboa yote sasa hivi. Mimi mwenyewe."

"Kwenye jiko linalowaka? Uungue vidole, nani atawazibia watu sufuria? Kaa hapo." Akarudisha birika juu ya jiko na kunigeukia. "Binti yangu, vijiti. Vile vikavu kabisa. Usiache mpaka nikwambie."

"Mama, moshi unazidi," Mpima Mkuu alisema.

"Nihesabie mpaka mia moja, mkuu. Ikifika mia na moshi bado upo, mpakie Mtungi na mtungi wake."

Mwanamke anayeishi kwa vipimo hawezi kukataa kuhesabu. Alitoa saa mfukoni na kuanza, wapima wenzake wakihesabu naye. Mimi nililisha moto, macho yakinichuruzika. Ishirini. Thelathini. Baba alikuwa amepiga magoti kando yangu na anapuliza matundu ya chini kwa pumzi zote alizonazo, mashavu yamevimba. Arobaini. Sijui Mtungi alianza lini kuhesabu pamoja na wengine, lakini sauti yake ilikuwepo.

Hamsini na mbili, kikasikika kitu ndani ya jiko. Tii. Tone la lehemu lilikuwa limeangukia kwenye makaa.

"Moja!" Baba alipiga kelele. "Limeachia moja!"

Ulimi mmoja wa moto ukachomoza. Tii, tii. Mawili mengine. Baba sasa hakuhesabu sekunde, alihesabu matundu, kwa sauti ya mtu anayeshangilia mpira, nao wapima wakachanganyikiwa wafuate hesabu ipi. Tisini na moja ya saa na kumi na sita ya Baba zilifika pamoja. Moshi ukakatika kama uzi. Uani ukatulia, tukasikia birika linaanza kuimba.

Mpima Mkuu alifuta macho, akainama, akachungulia pande zote. "Moshi umekwenda wapi?"

Mama alifungua mdomo, lakini Baba alimtangulia.

"Umeliwa," alisema kwa majivuno, kama vile ni yeye aliyeula.

Mama hakumpikia mtu kwa maji yale. Aliyamwaga, akakung'uta jivu na lehemu yote kwenye pipa, akawasha upya na kupika chai ambayo haikumtoa mtu chozi. Mtungi alikunywa vikombe viwili. Mpima Mkuu alichomoa penseli nywelini.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," alimwambia Mama. Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe fundi, nataka mengine mawili kabla ya hapo. Yenye matundu."

Jumapili nzima Baba alitoboa. Alipima kwa uzi, akaweka alama kwa chaki, akapiga msumari bila kufumba macho. Matundu yake yalikuwa yamenyooka kuliko ya Mama, naye hakuacha kumwonyesha.

Jumatatu gari liliondoka, Mama akiwa ameketi nyuma juu ya hema, jiko mapajani. Baba alitembea kando ya gari mpaka liliposhika kasi. Alikuwa na jambo la kusema, nilimwona akifungua mdomo, lakini Mama alimuwahi.

"Chumvi iko kopo la pili!" alipaza sauti. "La pili! La kwanza ni sabuni!"

Tulibaki tunapunga mikono mpaka vumbi likatua. Nyumbani, mteja alikuwa anasubiri karakanani na sufuria iliyotoboka katikati. Baba aliipokea, akaiinua juu kwenye mwanga, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu.

"Hili," aliuliza, "tulizibe, au lina kazi yake?"

"Kiraka," mteja alisema, "hiyo ni sufuria ya maharage."