Nyasi za Wakwe

Asikudanganye mtu kwamba papasi huingia nyumba za wachafu tu. Yangu ilifagiwa kila asubuhi, na Ihanda nzima inajua hivyo, maana niliwaambia mwenyewe. Lakini mume wangu Yustus aliposhikwa na homa inayopoa leo na kurudi wiki ijayo, nilimkokota hadi zahanati. Protase dresa akamtoa damu, akaichungulia kwenye darubini yake, kisha akaniita pembeni karibu na pipa la maji.

"Mama Kemilembe, hii ni homa ya papasi. Wamo ndani ya nyumba yenu, kwenye udongo, chini ya nyasi mlizotandika."

"Funga mdomo wewe!" nikamwambia, na nilikuwa namaanisha.

Sikuwa na ukali wa bure. Binti yangu Kemilembe alikuwa amechumbiwa na Gozbert, kijana wa Mabira, na wakwe walitarajiwa kuja kulala kwetu kabla ya ndoa. Mama gani atakubali mwanawe aoe kwenye nyumba ya papasi? Wangesema msichana atawabeba kwenye furushi lake, na ndoa ingekufa hapohapo.

Protase hakukasirika. "Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, mama, haitatoka kwangu. Lakini wageni wakilala pale wataumwa, na papasi watasafiri nao mpaka Mabira. Tena si kwako tu. Lazima watu wajue."

"Wawajue papasi, wasinijue mimi!"

Akacheka. "Hilo linawezekana."

Jumapili, baada ya misa, akasimama nje ya kanisa. Akasema Ihanda kuna papasi, nyumba si moja, na hatataja hata moja. Kila mtu atoe nyasi zote za sakafuni, akwangue udongo, aje zahanati achukue dawa ya unga ainyunyize, ndipo atandike nyasi mpya. Nikamsifu moyoni. Kijana kasema yote na hajasema kitu.

Ila Protase alikulia Bukoba mjini, kwenye nyumba ya saruji. Hakujua kwamba kwetu nyasi mpya hutandikwa juu ya zile kuukuu. Kuzitoa zote mpaka udongo uonekane ni kwa mambo mawili tu: wageni wa heshima au msiba. Sasa wewe huna mgeni, hujafiwa, halafu unaonekana umetupa rundo la nyasi uani? Si bora upige ngoma utangaze kwamba ni wewe!

Basi hakuna aliyegusa unyasi. Watu walizunguka wakichungulia nyua za wenzao kutafuta rundo. Mzee Elpidius alikohoa kwenye pombe, watu wakahama benchi wakamwacha peke yake na kibuyu chake cha rubisi. Dawa ya unga ikakaa zahanati, debe limejaa pomoni, na Protase anakuna kichwa.

Na mimi je? Mimi nilikuwa na wakwe! Nilitoa nyasi zangu mchana kweupe, huku nikiimba. Wapita njia wakanisalimu, "Hongera, Mama Kemilembe, wakwe wanakaribia!" Nami naitikia, "Wanakaribia!" Dawa niliibeba kikapuni chini ya ndizi. Yustus alikwisha chomwa sindano, anakula kama mtu anayelipa deni. Nikajiona mjanja kuliko sungura.

Ujanja huo uliishia mlangoni kwa Kyarisiima, jirani yangu wa ng'ambo ya migomba. Nilikwenda kuazima vibuyu vya pombe ya wageni. Nikamkuta mwanawe mdogo amejikunyata kwenye nyasi zilezile kuukuu, anatetemeka.

"Ni malaria tu," akasema Kyarisiima, wala sikuwa nimemwuliza.

"Kwa nini hutoi nyasi, dada?"

"Nitoe kwa sababu ipi? Nina mgeni gani? Nina maiti gani? Wakiliona rundo hapo nje, nani atanunua maziwa yangu tena?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimkasirikia Protase, nikamkasirikia Kyarisiima, mwisho nikabaki na hasira yangu sina wa kumpa. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo huwa tamu sana mdomoni mwa asiyeumwa. Mimi niliyaficha ya kwangu, yakafichika vizuri, na mtoto anayeniita mama mkubwa analala juu ya papasi. Niliona aibu, tena aibu kubwa. Kyarisiima hakukosa akili. Alikosa wageni.

Na wageni ninao!

Nikabeba kikapu chenye dawa iliyobaki, nikageuza palepale hadi kwa Kyarisiima. "Dada, wakwe ni wengi, nyumba yangu haitawatosha. Naomba unipokelee wawili."

Akaniangalia. "Nyumba hii?"

"Hiihii. Utoe nyasi zote, uwatandikie mpya."

Akatazama sakafu. "Na hao walio chini ya nyasi?" akanong'ona.

Hapo nikasita. Kyarisiima mnamjua? Neno alilolisikia wakati wa kumenya ndizi, hadi ndizi zikiiva kijiji cha Rugu wameshalipata. Lakini mtu hawezi kukwangua sakafu peke yake huku anaona haya.

"Kwangu walikuwamo," nikasema. "Yustus hakuwa na mafua kama nilivyowaambia. Ni wao. Dawa imebaki, nimekuletea." Nikamsukumia kikapu.

Alikipokea kwa mikono miwili, macho yamemlowa. Kisha akambeba mwanawe mgongoni, akashika njia ya zahanati, akaniambia nianze kukwangua mpaka arudi. Nikakwangua!

Kutoka hapo nilipita nyumba kwa nyumba. Wakwe ni wengi jamani, naomba nafasi ya wawili. Kwa Mzee Elpidius, wawili. Kwa katekista, wawili. Hakuna aliyekataa, tena wengine walinikubalia kabla sijamaliza kuomba. Kufika Ijumaa kila ua ulikuwa na rundo lake linafuka moshi, na watu wanakwenda zahanati kwa kicheko, "Wageni wa Mama Kemilembe hao, tutafanyaje!" Debe likabaki tupu, Protase akaagiza jingine.

"Mama, hivi wakwe ni wangapi?" akaniuliza.

"Wanatosha."

Siku ikafika. Ihanda yote ilisimama barabarani na vikapu vya kahawa ya kutafuna. Wakwe wakatokea. Walikuwa saba.

"Wengine wako nyuma?" akauliza Elpidius.

"Huenda," nikasema, nikaangalia migomba.

Lo, waligombaniwa! Huyu anavutwa mkono, yule ananyang'anywa mzigo. Mjomba wa Gozbert alilishwa mchana nyumba tatu mfululizo, mpaka akaomba ahurumiwe. Mama yake Gozbert, bibi Anatolia, mfugaji, mtu wa maneno machache, alilala kwangu.

Asubuhi akaniita nyuma ya jiko. "Mkwe, nimeingiza mkono kwenye nyasi zako. Ni mpya mpaka chini. Na za jirani. Na za yule mzee. Kijiji kizima."

Nikawaza, ndoa imekwisha.

"Dresa wenu alitangaza, eti?"

Pale uani Kyarisiima alikuwa ameniletea kikapu changu, ndani mna kibuyu cha maziwa, na mwanawe amepona anafukuza kuku wangu. Neno langu alikuwa nalo tangu siku ile, na mpaka leo halijanirudia kutoka Rugu. Basi nami nikaona nisiseme uongo.

"Alitangaza," nikajibu. "Na kwangu walikuwamo."

Anatolia akapumua kwa nguvu, akanishika mkono, akautazama mlango kwanza. "Dresa wa kwetu naye alitangaza mwezi uliopita. Mabira tumekaa tunachunguliana nyua, hakuna anayethubutu." Akanibana vidole. "Mkwe, mtakuja kwetu lini? Mje upesi. Na mje wengi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka, mama wa maneno machache, machozi yanamtoka.

"Mabira," nikamwuliza, "ina nyumba ngapi?"