Baba Mmoja, Barua Kumi na Moja

Kila aliyejifunza Kijerumani katika mtaa ule alipitia kwanza mikononi mwa Kamusi. Hilo halikuwa jina lake, lakini hata mama yake alishazoea kuwafungulia mlango watu wanaomwulizia Kamusi. Alifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, linalotazamana na shule ya lugha. Katika miaka yake ya kukaa nyuma ya mashine alikuwa amekusanya kila anachohitaji mtu wa kwenda kusoma Ujerumani: rekodi za kusikiliza, kuanzia za wanaoanza hadi za waliokomaa, mitihani ya mfano na majibu yake, maneno ishirini ya kukariri kwa kila siku ya mwaka, orodha ya vyuo na tarehe zao za mwisho, hata karatasi ya maswali ambayo watu wa viza hupenda kuuliza. Yote aliyatia kwenye folda moja, akaiita Mkoba. Ukija na flashi yako anakuwekea Mkoba bure, sharti uahidi kwamba utasoma kweli.

"Asiyesoma nitamjua," alikuwa akisema, "na nitamsemea kwa mama yake."

Watu walisoma, wakafaulu, wakaondoka. Kila msimu aliagana na wawili watatu, wakimkumbatia pale kaunta na kumwachia namba zao mpya. Yeye akabaki. Mganga hajigangi. Mtihani wa kwanza alifeli kusikiliza, wa pili ulimkuta hospitalini anamuuguza mama. Wa tatu ndio alioupata, tena kwa alama ambazo mwalimu wa shule ya lugha alizibandika ubaoni wiki nzima. Akaomba chuo alichokitaka tangu mwanzo, kusomea uhandisi wa maji taka, fani ambayo wenzake wakiisikia wanakunja pua. Ufadhili wake hautolewi kwa aliyevuka miaka thelathini, na thelathini yake ilikuwa inabisha hodi. Ama mwaka huu, ama aendelee kuwachapia wenzake mpaka macho yamfe.

Jibu lilikuja asubuhi ya Jumatatu, mteja akiwa amesimama mbele yake anangoja nakala za cheti. Kamusi alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Miaka yote ile alihangaika ili asikosee hata neno moja la lugha ile, na leo, kwa mara ya kwanza, alitamani Kijerumani chake kiwe kibovu.

Waliandika kwa adabu. Walisema kwamba barua yake ya kueleza nia ilikuwa ya kumi na moja kuwafikia katika kipindi cha miaka mitatu ikisimulia habari ileile, kwa maneno yaleyale: mzazi aliyeshuka kwenye shimo la maji taka kuzibua valvu, akamwambia mwanawe aliyekuwa juu ahesabu mpaka mia, atakuwa ametoka. Chuo hakipokei barua za kunakili. Ombi lake limekataliwa.

"Dada, nakala zangu," alisema mteja.

"Zinakuja," alisema Kamusi, akampa za mtu mwingine.

Sasa, barua ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa yake. Baba yake ndiye aliyeshuka kwenye lile shimo, siku ya likizo, binti akiwa na miaka kumi na saba na bakuli la chakula cha mchana mkononi. Yeye ndiye aliyehesabu mpaka mia. Akahesabu tena, polepole zaidi, ili ampe baba nafasi. Kwa nini anataka kusomea maji taka? Kwa sababu hiyo, basi, hana nyingine. Aliiandika miaka mitatu nyuma, alipokuwa anajiandaa kwa ule mtihani alioufeli, na ilimchukua mwezi mzima kuiandika, maana kila akifika kwenye mia kalamu ilikuwa inagoma.

Na aliyeitia kwenye Mkoba alikuwa nani? Hapo ndipo pa kujipiga kofi. Ni yeye mwenyewe. Binti mmoja tuliyezoea kumwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyotulia alikuja akilia kwamba hajui barua ya namna ile inaanzaje wala inaishaje. Kamusi akamhurumia, yeye na wote watakaokuja nyuma yake. Akaifungua barua yake, akafuta jina lake, na pale palipokuwa na jina akaweka nukta nukta.

Zile nukta ndizo zilizomwua. Mtu wa duka la kuchapa akitengeneza mfano wa kitu chochote, uwe mkataba wa pango, ombi la kazi au barua ya posa, mkono wake huacha nukta mahali pa jina. Na wateja wa duka hilo nao wamezoea: wakiona nukta wanajaza jina lao, wanalipia, wanakwenda zao. Kamusi alikuwa ameandika juu, kwa herufi kubwa, kwamba watu waangalie umbo tu, wasinakili. Nani husoma maandishi ya juu? Watu kumi walijaza nukta. Tena wengine walirudi kuichapia palepale dukani kwenye mashine ya pili, huku yeye akiwapangia karatasi bila kutazama, kwa sababu ilikuwa adabu yake kutosoma barua za watu.

Hakukata tamaa siku hiyohiyo. Alivuka barabara kwenda kwa mwalimu wa shule ya lugha, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, naye akaisoma ile barua pepe akiishika simu mbali na uso.

"Waandikie," alisema mwalimu. "Hawa ni watu wa ushahidi. Waeleze ukweli, uone."

Akawaandikia. Wakajibu baada ya siku mbili, na kwa haki ya Mungu hawakuwa watu wabaya. Walisema wako tayari kulitazama ombi upya endapo ataleta hati inayothibitisha jinsi mzazi alivyofariki, au shahidi miongoni mwa waliotumia barua ile, atakayekiri kwamba aliipata kwake.

Hati ilikuwepo. Mama aliitunza chini ya godoro, ndani ya bahasha iliyoanza kulegea kwenye mikunjo. Kamusi aliitoa, akaitafuta ile sehemu, akakuta imeandikwa kwa mwandiko wa haraka: sababu ya kifo, moyo kusimama. Hakuna shimo, hakuna gesi iliyomwua humo, hakuna neno kazini.

"Moyo kusimama!" Kamusi alipaza sauti. "Mama, kuna mtu amewahi kufa moyo unatembea?"

Mama alikuwa anakunja mashuka ya zahanati, kazi yake ya kila siku. Hakuinua kichwa.

"Bosi wao wa kazini alikuja pale mochwari na karatasi imeshajazwa," alisema. "Akasema nitie sahihi ndipo nipewe mwili. Nilitaka mume wangu, mwanangu. Sikutaka kusoma."

Kamusi akaona haya kwa kupaza sauti, akairudisha bahasha mahali pake. Angemlaumu vipi mjane kwa sahihi ya siku ile? Akabaki na njia ya pili, ile ya shahidi. Chiriku alikuwa kwenye chuo hichohicho, mwaka wa mwisho, na kila sikukuu alimtumia salamu akimwita dada yangu wa tumbo moja. Kamusi alimpigia saa sita mchana, duka likiwa tupu, akamweleza yote tangu mwanzo.

Kwanza Chiriku alinyamaza, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu anayemfahamu.

"Dada, mimi siyo mmoja wa hao kumi," alisema mwishowe. "Mimi nilibadilisha. Yangu ilikuwa mjomba."

"Mjomba?"

"Mjomba ndiye aliyeshuka shimoni. Na nilihesabu mpaka hamsini."

Kamusi alicheka. Hakupenda kucheka, ila kicheko kilimtoka tu. Barua kumi na moja na mjomba wa kuongezea! Marehemu baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi hata kupanda ndege, alikuwa amefia maji taka mara kumi na mbili kwenye ofisi moja ya Ujerumani.

"Chiriku, wewe unajua ni yangu. Uliniona nikifuta jina langu. Waandikie mistari miwili tu."

"Wataitafuta ya kwangu, dada. Wakiikuta watanifukuza, na nimebakiza miezi sita. Mama amehamia kwenye nyumba niliyomwambia nitailipia kodi." Sauti yake ilikatika. "Niambie nifanye nini kingine. Chochote. Hicho siwezi."

Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema, na msimulizi wenu angefurahi sana kumtupia Chiriku msemo huo na kufunga mjadala. Lakini alikuwa analia kweli, na Kamusi alimfundisha yule binti kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kijerumani, akamshika mkono siku ya mtihani. Angeweza kumtaja. Alikuwa na jina lake na ushahidi wa kutosha kwenye simu. Alikaa na simu mkononi mpaka mteja akaingia, akajua kwamba hatamtaja, na akajichukia kwa hilo.

"Basi," alimwambia Chiriku. "Soma, umalize."

Kati ya wale kumi, tisa hakuwapata, na mmoja aliyempata alimfungia namba.

Kilibaki chuo kimoja chenye fani ile na ufadhili uleule, cha mwisho kwenye orodha aliyoitengeneza yeye mwenyewe, na mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Alirudi kwa mwalimu kumwuliza kama atume barua yake ileile. Mwalimu alivua miwani.

"Vyuo vinazungumza, binti yangu. Na hao kumi unajua walituma wapi kwingine? Ukiipeleka ile umejichongea." Akamtazama kwa huruma ambayo Kamusi hakuitaka. "Andika kitu kingine. Habari ya baba yako sasa kila mtu anayo. Aliyebaki bila ni wewe."

Hakuwa na kitu kingine. Jumatano alijaribu kuandika kwamba anapenda mazingira, akafuta. Alhamisi akajaribu kuandika kwamba maji ni uhai, akaona aibu kama mtu aliyevaa nguo za kuazima. Alikuwa amewaandikia nusu ya mtaa sababu zao za kutaka kusoma, na ya kwake moja, ile ya kweli, imekuwa uongo kwa kusemwa na watu wengi.

Ijumaa, kati ya mteja wa picha za pasipoti na mteja wa kadi za harusi, mkono uliandika wenyewe. Baba yangu ni fundi bomba, uliandika. Mwakani anastaafu. Jioni akirudi kazini huvua viatu nje, hukaa, hunichorea mabomba ya mji mzima kwenye karatasi, ananionyesha yanapoziba. Anasema vijana wasishuke tena mashimoni, litafutwe jambo la kufanya ukiwa juu. Nataka kulisomea jambo hilo kabla hajazeeka, alione.

Aliisoma mara moja. Ilikuwa barua nzuri kuliko ile ya kwanza, na hapakuwa na mtu mwingine duniani mwenye baba kama yule. Akaituma ikiwa imebaki saa moja. Alitegemea kusikia nafuu, hata kidogo. Alichosikia ni kwamba amemfukia baba yake mara ya pili, na safari hii sahihi ni yake.

Alipofika nyumbani mama alikuwa bado na mashuka.

"Umetuma?"

"Nimetuma."

"Na baba yako? Safari hii umemwandikaje?"

Angeweza kudanganya, mama hakujua hata neno moja la lugha ile. Lakini kwa siku moja alikuwa ameshadanganya vya kutosha.

"Nimeandika kwamba yupo, mama. Ni mzima, anafanya kazi, mwakani anastaafu."

Mama aliacha kukunja. Kamusi alisimama pale mlangoni akingoja kugombezwa. Alitaka kugombezwa kama mtoto aliyevunja kitu. Mama alilishika lile shuka kwa mikono miwili, akamtazama.

"Anastaafu," alisema. "Vizuri. Na yale magoti yake?"

"Magoti?"

"Yalikuwa yanamsumbua sana kwenye ngazi. Hukuandika kama yamepona?"

 Kamusi alikaa chini sakafuni, katikati ya mashuka ya wagonjwa, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko. Mama hakumbembeleza. Alikuwa bado anamtazama, anangoja ajibiwe.